Bruce McLaren: Fundi aliyeanza na kigari kikuukuu cha baba yake

Na Mwandishi Wetu

KABLA jina la McLaren halijawa la timu kubwa ya mbio za Formula One, lilikuwa jina la familia iliyoendesha kituo cha mafuta na gereji katika kitongoji cha Remuera, mjini Auckland, New Zealand. Hapo ndipo Bruce Leslie McLaren, aliyezaliwa Agosti 30, 1937, alipojifunza kwamba mbio huanzia gereji, kabla dereva hajashika usukani.

Utoto wake haukuwa rahisi. Akiwa na umri wa miaka tisa alipatwa na ugonjwa wa nyonga uliomlaza kwa takriban miaka miwili. Alipopona, mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia, na alichechemea maisha yake yote.

Baba yake, Les, naye mpenzi wa mashindano, alinunua gari dogo aina ya Austin 7 Ulster lililokuwa katika hali mbaya. Baba na mwana walilifungua na kulijenga upya. Kijana alijifunza kuliendesha kwa kuzunguka miti nyuma ya nyumba yao, na mwaka 1952 akaliingiza katika mashindano ya kupanda kilima huko Muriwai, nje ya jiji. Yalikuwa mashindano ya ridhaa, ya aina ambayo dereva huwa pia fundi wa gari lake.

Mwaka 1958 alipata ufadhili wa kwenda Ulaya, akajiunga na timu ya Cooper pamoja na Jack Brabham wa Australia. Desemba 12, 1959, alishinda mbio za Marekani zilizofanyika Sebring akiwa na miaka 22. Rekodi yake ya mshindi mwenye umri mdogo zaidi ilidumu hadi mwaka 2003, ilipovunjwa na Fernando Alonso.

Mwaka 1963 alianzisha timu yake, lakini hakuiacha spana. Katika majaribio ya mojawapo ya magari yake ya awali, aliona kifuniko cha tundu la mafuta kikipigapiga. Akatambua kwamba hewa ilikuwa imebanwa chini ya bodi. Akarudi, akachukua mkasi wa bati na kutoboa njia ya kuitolea. Gari likaenda vizuri zaidi.

Mafanikio yakafuatana. Mwaka 1966 alishinda mbio za saa 24 za Le Mans akiwa na Chris Amon katika Ford GT40. Mwaka 1968 alishinda mbio za Ubelgiji katika gari lenye jina lake. Na mwaka 1969 timu yake ilishinda mbio zote 11 za Can-Am.

Juni 2, 1970, akijaribu gari la M8D katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, sehemu ya nyuma ya bodi ilichomoka gari likiwa kasi. Likapoteza mgandamizo wa hewa, likaacha njia na kugonga kizuizi. Alifariki dunia papo hapo, akiwa na miaka 32.

Siku 12 baadaye timu yake iliingia uwanjani Mosport, Kanada, na Dan Gurney akashinda.

Kwa vijana wanaotayarisha magari yao kwenda kushindana na marafiki, maisha yake ni darasa. Injini yenye nguvu hupendeza, lakini breki, matairi, nati za magurudumu na vifungo vya bodi ndivyo vinavyomrudisha dereva nyumbani.