Grace Hopper

Grace Brewster Murray Hopper (New York, 9 Desemba 1906 – Arlington, Virginia, 1 Januari 1992) alikuwa mwanahisabati, mtaalamu wa kompyuta na afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Anajulikana hasa kwa A-0, programu ya mwaka 1952 iliyoiwezesha kompyuta kutafuta yenyewe vijiprogramu katika maktaba na kuviunganisha kuwa programu moja.

Maisha ya awali

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akahitimu mwaka 1928, kisha akapata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Alikuwa mwalimu huko Vassar wakati Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uzito wake ulikuwa chini ya kiwango cha jeshi, hivyo alihitaji ruhusa maalumu ili apokelewe katika jeshi la akiba mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuandika programu za kompyuta Mark I chini ya Howard Aiken.

Tatizo la kunakili

Hesabu nyingi zilihitaji sehemu zilezile. Hopper na wenzake waliandika sehemu zilizokwisha kujaribiwa katika madaftari yao. Aliyehitaji mojawapo aliazima daftari la mwenzake na kuinakili kwa mkono. Hapo ndipo makosa yalipoingia, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa, programu nzima iliharibika.

Baadaye tatizo likawa kubwa zaidi. Kijiprogramu kilichoandikwa kuanzia anwani 0 ya kumbukumbu, kikiwekwa kuanzia anwani 300, kilihitaji kila anwani ya ndani yake iongezwe 300. Hopper aliona kwamba binadamu ni dhaifu katika kunakili na kujumlisha, ilhali kompyuta iliundwa kwa kazi hizo hasa.

A-0

Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta UNIVAC I. Huko alikusanya vijiprogramu, akakipa kila kimoja namba ya kukiitia na kuviweka katika utepe wa sumaku. Mwandishi wa programu aliorodhesha namba tu, pamoja na data zilizohitajika. A-0 ilitafuta kila kijiprogramu katika utepe, ikarekebisha anwani zake na kukiunga na vingine.

Kwa muda watu wengi hawakukubali kwamba kompyuta inaweza kufanya zaidi ya hesabu. Hopper aliiita A-0 kompaila, kwa maana ya mkusanyaji. Kwa maana ya leo ilikaribia zaidi kuwa kiunganishi, kwani haikutafsiri lugha kamili. Toleo la A-2 la mwaka 1953 lilipewa wateja pamoja na msimbo wake, nao wakaombwa kutuma maboresho.

Zana za leo kama Maven, inayotumiwa na waandishi wa programu za Java, hufanya kazi ya ukoo huohuo. Mwandishi hutaja jina na toleo la maktaba, nayo zana huipakua kutoka intaneti pamoja na maktaba nyingine inazozitegemea. A-0 haikuwa na mtandao. Maktaba yake ilikuwa utepe uliofungwa kwenye mashine.

Miaka ya baadaye

Hopper aliongoza kazi ya FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama za hisabati, na ambayo ilichangia sana COBOL iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyemkuta nondo ndani ya kompyuta Mark II mwaka 1947. Kwa kweli waliomkuta ni wenzake. Yeye aliisimulia sana habari hiyo.

Alistaafu jeshi mwaka 1966, akaitwa tena mwaka 1967, na kuondoka kabisa mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (rear admiral) na umri wa miaka 79. Alizikwa katika Makaburi ya Taifa ya Arlington. Manowari USS Hopper ilipewa jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.