Major Taylor: kijana mweusi aliyejenga miguu yake na kushinda dunia kwa kinga

Katika teritware ya Yahuma, fasi ambapo gari haifiki, kinga ndiyo inabeba mchele, mafuta ya ngazi, mgonjwa na hata mke wa mtu. Kisangani nayo inajua vizuri kazi ya toleka. Kijana akibeba watu na mizigo kila siku, watu wanaangalia mapaja na ndama za miguu yake wanasema: huyu alizaliwa na nguvu. Maisha ya Marshall Walter Taylor, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Major Taylor, yanaonyesha kwamba nguvu ya miguu inajengwa. Yanaonyesha tena kwamba miguu peke yake haitoshi.

Taylor alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878, Indianapolis, Marekani. Baba yake, aliyepigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa akiendesha gari la farasi la familia moja ya wazungu wenye feza. Mtoto wa familia ile akawa rafiki ya Taylor, na ni kwao alipata kinga yake ya kwanza. Familia ile ilipohama, yeye alibaki na kinga, akaanza kazi ya kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo miguu ilianza kukomaa: siyo kwa shindano, ni kwa kazi ya kila siku.

Akiwa bado kijana mdogo, duka moja la kuuza kinga lilimwajiri kufagia na kufanya michezo mbele ya mlango ili kuita wanunuzi. Alivaa koti la kijeshi, na watu wakamwita Major. Akiwa na miaka 13 hivi, mwenye duka alimwingiza katika shindano la maili 10, yaani kilometa 16, kwa mzaha tu. Mtoto akashinda watu wazima.

Lakini alipotaka kuingia katika nyumba ya mazoezi ya YMCA ya Indianapolis, wakamkatalia sababu ya ngozi yake. Baadaye akafungiwa na viwanja vya mashindano vya mji ule. Mwaka 1895, Louis Munger, mkimbizaji wa zamani aliyekuwa akitengeneza kinga, alimchukua wakahamia Worcester, karibu na Boston. Kule YMCA ilimpokea. Mwalimu wa mazoezi aliona neno moja: toka kiuno kwenda chini Taylor alikuwa na nguvu, lakini kifua, mgongo na mikono vilikuwa nyuma. Akampa vyuma vyepesi, marungu ya mbao ya mazoezi, na kazi ya kuvuta pumzi ya ndani.

Hapo kuna somo kwa kila mwenye kukanyaga pedali. Mguu unasukuma, lakini mikono ndiyo inashika gido na mgongo ndio unatuliza mwili. Kiuno kikiwa legevu, nguvu ya paja inapotea njiani. Tena kuna kazi za namna mbili. Safari ndefu ya polepole inafundisha moyo na mapafu kuvumilia. Kupanda mlima, au kukaza kwa nguvu kwa sekunde chache halafu kupumzika, ndiko kunanenepesha misuli ya mapaja na matako. Taylor alikuwa mtu wa mbio fupi: silaha yake ilikuwa kuruka mbele ghafla wakati wengine wanafikiri bado. Na misuli haikui wakati wa kukanyaga. Inakua baadaye, mtu akila vizuri na kulala. Kwetu chakula hicho kipo: maharagi, karanga, samaki, mbinzo. Taylor hakunywa pombe wala kuvuta tumbaku.

Desemba 1896, akiwa na miaka 18, aliingia katika shindano la siku sita ndani ya Madison Square Garden, New York. Alikimbia zaidi ya kilometa 2,700 na kumaliza wa nane. Tarehe 10 Agosti 1899, Montreal, Kanada, akawa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Kabla yake mtu mweusi mmoja tu, bondia George Dixon, alikuwa amepata ubingwa wa dunia katika mchezo.

Ushindi ule ulikuwa na bei. Wakimbizaji wazungu walishirikiana kumfungia njia. Mwaka 1897, huko Taunton, mmoja alimshusha kwenye kinga baada ya shindano na kumkaba shingo mpaka akazimia. Hata aliponunua nyumba nzuri Worcester, majirani walitaka kumlipa ili aondoke. Hakuondoka.

Miaka ile ile, kinga ilikuwa na upande mwingine, na huo unatugusa sisi. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza gurudumu la mpira lenye kujazwa upepo. Ulaya na Marekani zikaanza kutafuta mpira kila fasi. Mwingine ulitoka Amazoni, mwingine ulitoka katika misitu ya Kongo chini ya Leopold wa Pili, pamoja na misitu ya Lopori na Maringa, magharibi ya Yahuma. Wanaume walilazimishwa kuukusanya, wanawake wakafungwa kama rehani, watu wakapigwa fimbo, wakakatwa mikono, wakauawa. Wakati mtu mweusi mmoja anashangiliwa juu ya magurudumu, wengine walikuwa wanakufa kwa ajili ya magurudumu.

Mwaka 1901 Taylor alikwenda Ulaya. Paris, Edmond Jacquelin, bingwa wa Ufaransa, alimshinda siku ya baridi. Siku chache baadaye wakarudiana na Taylor akashinda. Alikuwa Mbatisti, na kwa miaka mingi alikataa kukimbia siku ya Mungu hata kwa feza nyingi. Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Binti yao alizaliwa Australia mwaka 1904, wakampa jina la Sydney.

Kisha mwili na akili vikachoka. Akaacha mashindano kwa miaka zaidi ya miwili, akanenepa. Aliporudi Ufaransa mwaka 1907 alishindwa mara kadhaa, watu wakasema amekwisha. Akaendelea na mazoezi, na kabla ya mwaka kumalizika akaanza tena kushinda. Misuli ikiachwa inapungua, lakini mwenye kurudia kazi polepole anaweza kuirudisha.

Aliacha mashindano mwaka 1910. Feza aliyoweka katika biashara ikapotea, ndoa ikavunjika. Aliandika kitabu cha maisha yake, akakiuza mwenyewe mlango kwa mlango, kama alivyopeleka magazeti utotoni. Alikufa tarehe 21 Juni 1932 katika hospitali ya Chicago, sehemu ya maskini, akiwa na miaka 53. Hakuna jamaa aliyekuja kuchukua mwili, akazikwa katika kaburi la maskini. Mwaka 1948 wakimbizaji wa zamani walimhamisha kwenye kaburi la heshima, na Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha kinga, alilipa. Mwaka 1982 Indianapolis, mji uliomfungia viwanja, ulifungua uwanja wa kinga wenye jina lake.

Kijana wa toleka anayejenga miguu leo anaweza kuiga mazoezi yake, usingizi wake na kukataa kwake pombe. Lakini aangalie pia miaka ile ya mwisho: miguu ina wakati wake, na feza inayotoka kwenye pedali inatakiwa kuwekwa fasi nzuri wakati nguvu bado ipo.