Mendelssohn, kijana aliyemtoa Bach kabatini

Huku Ziwani, Nairobi, Pasaka ikikaribia ni nadra kupita jioni usisikie kwaya ikifanya mazoezi. Mara nyingi ni Haleluya ya Handel, na wengi huudhani ni muziki ambao haukuwahi kuachwa tangu utungwe. Kwa Handel ni kweli, Waingereza hawakumwacha. Lakini mwenzake wa zama zile, Johann Sebastian Bach, ambaye leo watu humtaja kwanza, alifariki 1750 na kazi zake kubwa za kwaya zikalala kabatini karibu miaka themanini. Aliyeutoa mtungo wake mkubwa kuliko yote alikuwa kijana wa miaka 20, mjukuu wa mwanachuoni wa Kiyahudi.

Felix Mendelssohn alizaliwa Hamburg tarehe 3 Februari 1809, akakulia Berlin. Babu yake, Moses Mendelssohn, alikuwa mwanafalsafa aliyesifika Ulaya nzima na hakuiacha dini yake. Baba yake, Abraham, mtu wa benki, aliona kwamba kwa Myahudi milango mingi ya mji ule imefungwa. Akawabatiza watoto mwaka 1816, kisha akauongezea ukoo jina la Bartholdy. Baadaye alimtaka mwanawe aliache kabisa jina la Mendelssohn. Felix alikataa.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nami naona ndilo kiini cha habari yote. Muziki wa Bach haukuhifadhiwa na wafalme. Kwa sehemu kubwa ulihifadhiwa na watu wa nyumbani, na wanawake walikuwa mbele. Sara Levy, dada wa nyanya yake Felix, alifundishwa kinanda na mmoja wa watoto wa Bach, akawa mkusanyaji wa hati za muziki ule. Na nyanya mwenyewe, Bella Salomon, ndiye aliyempa mjukuu wake, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, nakala ya Mateso ya Kristo kwa Injili ya Mathayo. Bibi wa Kiyahudi akimtunza mjukuu kwa kitabu cha ibada ya Kikristo! Alichokithamini ni muziki.

Mtungo wenyewe si mwepesi. Bach aliuandika mwaka 1727 kwa kwaya mbili na okestra mbili, na ukiimbwa wote huchukua karibu saa tatu. Felix alianza na waimbaji wachache nyumbani kwao, majira ya baridi. Mwigizaji rafiki yake, Eduard Devrient, ndiye aliyemshika mkono wakaende kwa mwalimu wao, Carl Friedrich Zelter, mkuu wa chama cha waimbaji cha Berlin, kumwomba ukumbi na kwaya. Mzee Zelter alikuwa na hati nyingi za Bach na aliwafundisha waimbaji wake baadhi ya nyimbo zake, ila aliamini kwamba mtungo huu haumudiki mbele ya hadhira. Aliwakemea vijana, mwishowe akakubali. Inasimuliwa kwamba Felix alicheka akimwambia rafiki yake ni ajabu mwigizaji na kijana wa Kiyahudi ndio wanaowarudishia watu muziki mkubwa kabisa wa Kikristo.

Tarehe 11 Machi 1829 ukumbi ulijaa, wengine wakarudishwa mlangoni. Mfalme wa Prussia alikuwapo, na mwanafalsafa Hegel pia. Felix aliongoza akiwa kwenye kinanda, mbele ya waimbaji zaidi ya mia na hamsini. Watu walitaka tena, ikarudiwa tarehe 21, siku ya kuzaliwa Bach.

Wanaodai usafi wa mambo ya kale watauliza kama ule ulikuwa muziki wa Bach kweli. Felix alikata sehemu nyingi, akabadilisha ala ambazo Berlin hazikuwako tena, na kwaya yake ilikuwa kubwa mno kuliko ya Bach. Mimi namtetea. Angengoja apate kila kitu sawasawa, hati ingebaki pale pale.

Mwaka 1835 aliitwa Leipzig, mji alikofia Bach, kuongoza okestra ya Gewandhaus. Alisimama mbele ya wapigaji na kifimbo mkononi, jambo lililokuwa bado geni, na kuanzia 1838 aliandaa matamasha ya kihistoria yaliyowarudisha wasikilizaji kwa Bach na Handel, kisha akawaleta hatua kwa hatua hadi zama zao. Agosti 1840 alipiga kinanda kikubwa cha Kanisa la Mtakatifu Thomas, peke yake, kuchangisha fedha za mnara wa Bach. Mnara ulizinduliwa 1843, na mjukuu wa Bach, mzee wa miaka zaidi ya themanini, akahudhuria.

Mnamo mwaka huohuo wa 1840, kwetu Mombasa, alifariki Muyaka bin Haji. Mashairi yake nayo yangepotea kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya, akamsomea Mwingereza Taylor akayaandika. Diwani ilichapishwa 1940.

Felix hakuishi sana. Dada yake Fanny, mtunzi kama yeye na aliyeimba katika kwaya ile ya 1829, alifariki Mei 1847. Yeye alimfuata tarehe 4 Novemba, umri wake miaka 38. Haikupita miaka mitatu, Richard Wagner akachapisha makala kwa jina la bandia akidai Myahudi hawezi kutunga muziki wenye kina. Maneno yale yalipata wafuasi. Novemba 1936 Wanazi waliibomoa sanamu ya Mendelssohn mbele ya Gewandhaus, usiku, meya Goerdeler akiwa safarini. Aliporudi alitaka irudishwe, na alipokataliwa akajiuzulu. Muziki wa Mendelssohn ukapigwa marufuku, huku ule wa Bach ukiendelea kuimbwa katika makanisa yaleyale.

Sanamu mpya ilisimamishwa Leipzig mwaka 2008, karibu na Kanisa la Mtakatifu Thomas. Siku hizi kwaya huuimba mtungo ule wa Mathayo mzima, pamoja na vipande alivyovikata.