Cecilia Payne: Aliyegundua siri ya nyota, akashawishiwa kuikana

MJI wa Masalani, kando ya Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, hauko mbali na ikweta. Usiku usio na mwezi, mfugaji akiinua macho huona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja. Kwamba nyota hizo zimeumbwa hasa kwa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ni elimu tuliyoachiwa na mwanamke aliyeshauriwa asiamini hesabu zake mwenyewe.

Cecilia Payne alizaliwa mwaka wa 1900 mjini Wendover, Uingereza, akafiwa na babake akiwa na umri wa miaka minne. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alihudhuria mhadhara wa Arthur Eddington kuhusu kupatwa kwa jua kulikochunguzwa mwaka wa 1919 katika kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika. Tangu hapo moyo wake ukazama katika falaki. Kwa kuwa Cambridge haikuwapa wanawake shahada hadi 1948, alivuka bahari mnamo 1923 kwenda Harvard, Marekani.

Nuru ya nyota ikitawanywa huonyesha rangi zilizokatwa na mistari myeusi, alama ya elektroni zinazoruka kutoka ngazi moja ya atomu hadi nyingine. Mistari ya chuma ilijaa katika nuru ya jua, nao wataalamu wakaamini kuwa jua na dunia ni za udongo mmoja. Payne, akitumia kanuni ya Mhindi Meghnad Saha ya mwaka wa 1920, alionyesha kwamba joto ndilo huamua ni atomu ngapi ziko tayari kuruka. Katika tasnifu yake ya 1925, haidrojeni ilizidi metali takriban mara milioni moja.

Henry Norris Russell wa Princeton, bingwa wa zama hizo, alishikilia kwamba haiwezekani. Msomi huyo wa miaka 25 akasalimu amri, akaandika kuwa matokeo hayo yaelekea si ya kweli. Mnamo 1929, Russell aliyafikia yayo hayo kwa njia nyingine, akaitaja kazi ya Payne. Hata hivyo, kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye.

Harvard ilimpa Payne uprofesa kamili mwaka wa 1956. Alifariki Desemba 7, 1979. Leo kompyuta hukokotoa kasi ya miruko ya elektroni kwa mamilioni, na haidrojeni ingali mbele. Mwenyewe hakumlaumu Russell. Alijilaumu kwa kutoisimamia hoja yake.