Bi. Nutting, Mtetezi wa Wanafunzi wa Uuguzi

Kila nilazapo mgonjwa wangu hospitalini, nikamwona muuguzi kijana akizunguka vitandani usiku kucha, humkumbuka bibi mmoja aliyefariki mwaka wa 1948. Naye ni Mary Adelaide Nutting.

Alizaliwa Kanada mwaka wa 1858. Umri wake ulikwisha fika miaka thelathini hivi alipojiunga na shule ya wauguzi ya hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alihitimu mwaka wa 1891 katika kundi la kwanza, na mwaka wa 1894 akawa mkuu wa shule hiyo hiyo.

Zama hizo hospitali nyingi zilimfanya mwanafunzi kibarua wa bei rahisi. Alitumika wodini kutwa, na somo likamkuta amechoka hoi. Bi. Nutting hakushika kulalamika, alishika kalamu. Mwaka wa 1895 aliwaeleza wakubwa wake hali hiyo kwa uchunguzi na hesabu. Mwaka uliofuata mafunzo yakawa ya miaka 3, na kazi saa 8 kwa siku.

Mwaka wa 1907 aliitwa New York, katika Chuo cha Walimu cha Columbia, akawa profesa wa kwanza wa uuguzi duniani. Mwaka huo huo, yeye na Lavinia Dock walianza kutoa historia kubwa ya uuguzi. Alistaafu mwaka wa 1925.

Kwangu mimi, fadhila yake ni hii: alitambua kwamba anayemnyima muuguzi elimu, amemdhulumu mgonjwa.