Mwana Kupona: Somo la nyumbani lililoandikwa kabla ya shule kufika

MWANA Kupona binti Mshamu alikuwa ameugua kwa mwaka mzima alipomwita bintiye, Mwana Hashima, akamtaka achukue wino na karatasi aketi karibu naye. Ulikuwa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, umri ambao leo msichana huwa yumo katika shule ya sekondari.

Kilichotokana na kikao hicho ni utenzi wa beti 102, Utendi wa Mwana Kupona. Wasomaji wengi huukumbuka kwa mafunzo ya ndoa. Hata hivyo, sehemu yake kubwa ni mambo ambayo shule zetu ziliyaweka baadaye katika somo la Sayansi Kimu: usafi wa mwili, utunzaji wa nyumba, maandalizi ya chakula na uangalizi wa mtu mwingine.

Mtunzi huyo alizaliwa kisiwani Pate, yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka wa ukoo wa Famau, aliyekuwa mtawala wa Siyu, wakajaaliwa watoto wawili, Mohamed na Mwana Hashima.

Siyu aliyoijua Mwana Kupona haikuwa kijiji cha kupuuzwa. Mji huo, ulioko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, hufikiwa kwa hori jembamba lililozungukwa na mikoko, na vyombo huingia maji yakijaa. Ulisifika kwa wanazuoni, wachonga mbao, mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu. Kurani zilizoandikwa huko kwa mkono, zenye nakshi za wino mwekundu na mweusi, zimehifadhiwa hadi leo. Kalamu na karatasi vilikuwa vitu vya kawaida katika nyumba za wenye elimu, na ndiyo sababu mama aliweza kumwagiza binti avilete pasipo kueleza zaidi.

Ulikuwa pia mji wa vita. Bwana Mataka alikataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Unguja, na katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Sultani lilishindwa vibaya karibu na Siyu, amiri wake Hamad bin Ahmad akauawa. Mataka alikuwa amekwisha kufariki wakati utenzi ulipotungwa. Mjane wake anasimulia kwamba waliishi kwa furaha na kuheshimiana, na kwamba alipofikwa na mauti mume huyo alimwachia radhi zake.

Kwa hiyo Mwana Hashima alikuwa binti asiye na baba, na mama naye yu mgonjwa. Kwa desturi ya pwani, msichana aliyekaribia kuolewa alikabidhiwa kwa kungwi, ambaye pia huitwa somo. Neno hilo moja lina maana ya mwalimu na ya kile kinachofundishwa. Mwana Kupona aliamua kuwa somo wa mwanawe mwenyewe, na kwa kuwa hakujua atakuwa naye kwa muda gani, aliyaweka mafunzo katika umbo litakalobaki kichwani.

Umbo hilo ni la utenzi: mizani minane katika kila kipande, vipande vinne katika kila ubeti, na kituo chenye kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwakaririsha wanafunzi kanuni za fizikia anafahamu faida ya mpango wa namna hiyo. Ubeti mmoja hubeba jambo moja, na mwanafunzi akisahau neno, kina humkumbusha.

Mpangilio wa mafunzo nao una hatua zake. Anatangulia na dini, kisha ulimi wenye adabu na heshima kwa watu, ndipo anaingia nyumbani. Humo hakuna maneno ya jumla. Anataja kufagia, kuosha choo na kutodharau kazi hiyo hata mara moja. Anataja kuoga, kufunga nywele, kutunga asmini, kupaka hina na wanja. Mume anyolewe, atengenezwe ndevu, afukizwe udi. Akilala asiamshwe wala asipigiwe kelele, na binti asiondoke karibu naye. Atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kusema, maana yake ni kwamba haja zake zitambuliwe kabla hajazitamka.

Yafaa kukumbuka hali ya elimu ya afya wakati huo. Mjini London, John Snow alikuwa ameonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu, lakini madaktari wengi hawakumsadiki. Louis Pasteur alikuwa ndiyo kwanza anachunguza vijidudu vya uchachu. Florence Nightingale alitoa kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, akisisitiza usafi, utulivu na kutomwamsha mgonjwa aliyelala. Kati ya 1858 na 1859 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja na kuifikia Kilwa. Mwana Kupona hakueleza kwa nini choo kichafu ni hatari, na hakuna aliyemtarajia aeleze. Aliagiza kisafishwe, na agizo hilo lilikuwa sahihi.

Si kila alichofundisha kinachopokewa leo bila ubishi. Binti anaambiwa asitoke nyumbani pasipo ruhusa ya mume, na kwamba radhi za mume ni njia ya peponi. Anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, onyo linaloonyesha wazi ni jamii ya namna gani iliyokuwa ikizungumza. Wapo wanaouona utenzi kuwa kitabu cha kumtiisha mwanamke. Mtafiti Ann Biersteker aliandika mwaka 1991 akipendekeza usomwe kwa jicho jingine, kwamba ndani ya unyenyekevu huo mna kejeli. Hoja yake inavutia, ingawa ni vigumu kuisikia kejeli katika dua ndefu za mama mgonjwa anayewaombea wanawe.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Mwaka 1863 Siyu ilitekwa na Sayyid Majid, na ukafikia mwisho utawala ambao Bwana Mataka alikuwa ameutetea kwa silaha. Ngome ya mji ingali imesimama kando ya hori.

Utenzi ulikwenda mbali zaidi. Mtunzi alikuwa ametaka wanawake wengine nao wausome, na ndivyo ilivyokuwa: ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukasomwa majumbani na kukaririwa. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, kisha akautoa tena pamoja na William Hichens mwaka 1934, na J.W.T. Allen akauingiza katika mkusanyo wake wa tenzi mwaka 1971. Wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu hukutana nao katika vipindi vya Kiswahili, chini ya mada ya ushairi. Katika vipindi vya Sayansi Kimu hautajwi.