Carothers, Mathari na Lugha ya Huzuni

Hapa Moi's Bridge, palipoitwa Hoey's Bridge enzi za masetla, jina la Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa halijasahauliwa. Mwanasoka huyo wa Kimilili alipohubiri kwamba Wazungu waondoke, serikali ilimtia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, mwaka wa 1945, akakaa humo hadi 1947. Aghalabu hatuulizi hospitali hiyo iliongozwa na nani.

Iliongozwa na John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekabidhiwa Mathari mwaka wa 1938 pasi na kusomea maradhi ya akili. Aliisimamia hadi 1950 na, tusimnyime haki yake, ni miongoni mwa waanzilishi wa utafiti wa maradhi hayo nchini. Lakini mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ilimchapishia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa! Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa akili nchini Algeria, alimshutumu vikali mwaka wa 1961.

Mimi ni mtu wa isimu, na linalonikera ni jingine. Carothers alishikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Yamkini hakuuona kwa sababu waliofikishwa Mathari aghalabu walikuwa wale waliovuruga amani. Anayejifungia chumbani akilia hakamatwi na askari. Tena, angeulizwa kwa lugha gani? Kiswahili pekee kina simanzi, majonzi, jitimai, kufa moyo. Margaret Field, aliyewafuata watu kwenye matambiko yao vijijini Ghana katika miaka ya 1950, aliwakuta wanawake wengi waliozidiwa na huzuni hiyo.

Masinde alifariki mwaka wa 1987, Carothers miaka miwili baadaye. Hivi majuzi nilimsindikiza shangazi yangu, mjane, katika zahanati moja ya huku. Alieleza kwa Lubukusu jinsi moyo unavyomuuma tangu msiba. Muuguzi, asiyeijua lugha hiyo, alikuwa keshaandika: maumivu ya kifua.